Kupanga wateja kwa shughuli ya mwisho kwenye AppSheet, matukio yakiwa kwenye majedwali tofauti

Swali hili naulizwa mara kwa mara, maneno yakibadilika kidogo tu: "Nimeingiza malipo ya mteja sasa hivi, mbona hajapanda juu kwenye orodha?" Anayeuliza leo ana kikundi cha kuweka na kukopa, wa jana alikuwa anafuatilia ada za wanafunzi, wa juzi anatibu mifugo. Tatizo ni lilelile. Orodha ni ya watu, lakini matukio yameandikwa kwenye majedwali mengine, na jedwali la watu halina habari kwamba kuna lililotokea.

Nitaonyesha kwa AppSheet, chombo cha Google cha kujengea programu za simu juu ya majedwali, na mfano wetu utakuwa duka la jumla linalowakopesha bidhaa wauzaji wadogo. Mwenye duka anataka mambo mawili: akifungua simu asubuhi amwone juu kabisa mteja aliyeshughulikiwa karibuni, na jioni aigeuze orodha, aliyenyamaza muda mrefu awe wa kwanza ili apigiwe simu. Ukishapata la kwanza, la pili ni kugusa sehemu moja tu.

Maneno ya kihariri cha AppSheet yako kwa Kiingereza. Nitayaacha yalivyo, ndani ya alama za kunukuu, ili uyatambue kwenye skrini.

UNACHOHITAJI KABLA YA KUANZA

- Akaunti ya Google, na kompyuta. Programu yenyewe itatumika kwenye simu, lakini kuijenga kwa simu ni kujitesa.
- AppSheet ya bure inatosha kwa kujifunzia: unaweza kuijaribu na watumiaji hadi 10 bila kulipa.
- Faili moja la Google Sheets lenye kurasa nne: Wateja, Mauzo, Malipo na Simu. Ukurasa wa Simu ni wa kuandika mazungumzo, yaani nani kapigiwa na kasema nini.
- Nakala ya faili hilo. Itengeneze sasa, kabla hujagusa kitu. Kama duka linaendelea kuuza, fanyia majaribio kwenye nakala.

Kolamu zinazohitajika, angalau, ni hizi:

Wateja: NambaMteja, Jina, Mtaa, Kuandikishwa
Mauzo: NambaUuzo, Mteja, Wakati, Kiasi
Malipo: NambaMalipo, Mteja, Wakati, Kiasi
Simu: NambaSimu, Mteja, Wakati, Maelezo

Angalia kwamba kolamu ya Wakati ina jina hilohilo kwenye majedwali yote matatu ya matukio. Si lazima, lakini utanishukuru ukifika kwenye fomula.

AMUA JAMBO MOJA KWANZA: WAKATI UPI?

Hapa ndipo wengi wanaporuka, kisha wanarudi wiki mbili baadaye wakisema orodha inadanganya. Mteja alilipa Jumamosi. Mwenye duka aliandika kwenye daftari, akaingiza kwenye simu Jumatatu. Shughuli ya mwisho ni ya Jumamosi au ya Jumatatu?

Kama unataka kujua nani amenyamaza, jibu ni Jumamosi, siku jambo lilipotokea. Kama unataka kukagua kazi ya karani, kipi kimeingizwa leo, jibu ni Jumatatu. Kwa duka letu nachagua la kwanza, hivyo Wakati ni saa ambayo tukio lilitokea. Itajijaza yenyewe, lakini muuzaji wa dukani ataruhusiwa kuirudisha nyuma. Ukihitaji yote mawili, weka kolamu mbili zenye majina tofauti. Usijaribu kuibebesha kolamu moja maana mbili.

HATUA

1. Sahihisha lugha ya tarehe kwenye Google Sheets. Fungua faili, nenda "File", kisha "Settings", uangalie "Locale" na "Time zone". Faili nyingi huja zikiwa na mpangilio wa Marekani, ambako 5/3 husomwa Mei 3 na siyo tarehe 5 Machi. Chagua nchi inayoanza na siku, kwa mfano Uingereza, na saa za Dar es Salaam au Nairobi. Kisha kwenye AppSheet fungua mipangilio ya kila jedwali, uhakikishe "Locale" yake inafanana na ya faili. Zikipishana, tarehe zilizo chini ya 13 zitageuka kimyakimya, siku ikawa mwezi na mwezi ukawa siku, na wala hutaona ujumbe wa kosa.

2. Weka funguo. Kwenye AppSheet, upande wa "Data", fungua jedwali la Wateja. NambaMteja iwe ndiyo "Key", na kwenye "Initial value" andika:

UNIQUEID()

Fanya vivyo hivyo kwa NambaUuzo, NambaMalipo na NambaSimu. Usitumie jina la mteja kuwa ufunguo. Siku wakiwapo kina Asha wawili, malipo ya mmoja yataonekana kwa mwenzake. Jina liwekee alama ya "Label" ili ndilo lionekane kwa mtumiaji.

3. Unganisha matukio na mteja. Kwenye Mauzo, Malipo na Simu, kolamu ya Mteja iwe ya aina ya "Ref", na chanzo chake kiwe jedwali la Wateja. Kilichohifadhiwa ndani ya kolamu hiyo lazima kiwe NambaMteja. Kama una mistari ya zamani yenye majina, ibadilishe iwe namba kwenye Google Sheets kabla ya kuendelea, la sivyo mistari hiyo itabaki yatima.

4. Wape majina mapya viungo vilivyojitengeneza. Ukihifadhi hatua ya 3, AppSheet yenyewe itaongeza kolamu tatu kwenye Wateja, moja kwa kila jedwali la matukio. Kila moja ni orodha ya matukio ya mteja husika. Majina yake huanza na "Related" na mwishoni hupachikwa s ya wingi wa Kiingereza, kwa hiyo utakutana na "Related Malipos". Fungua kila kolamu, ubadilishe jina liwe MauzoYake, MalipoYake na SimuZake. Fomula iliyo ndani, inayoanza na REF_ROWS, iache kama ilivyo.

5. Itengeneze vizuri kolamu ya Wakati. Kwenye kila jedwali la matukio, aina yake iwe "DateTime". Kwenye "Initial value" andika:

NOW()

Kisha kwenye "Valid if" andika:

[_THIS] <= NOW()

Mstari huo wa pili ni mfupi lakini una kazi kubwa. Muuzaji akikosea akaandika mwaka 2052 badala ya 2025, mteja huyo atagandia juu ya orodha kwa miaka, hata asiponunua tena. Kwa sharti hilo, fomu itakataa kuhifadhi tarehe ya mbele.

Kuna kosa jingine ambalo sharti hilo halilikamati, nalo ni letu waswahili. Mtu aliyepokea pesa saa mbili asubuhi anaandika 2:00, na programu inaelewa saa nane usiku. Waelekeze wauzaji waiache saa iliyojijaza yenyewe, na wanaporudisha nyuma watumie saa inayoonekana kwenye simu: saa mbili asubuhi ni 8:00.

6. Jaza mapengo ya zamani. Kolamu ya Kuandikishwa kwenye Wateja nayo iwe "DateTime" yenye NOW(). Wateja wa zamani wasio na tarehe, wajazie kwenye Google Sheets siku yoyote ya kukadiria. Usiwaache watupu, kwa sababu hatua ifuatayo inaitegemea kolamu hii.

7. Leta tarehe ya mwisho kwa mteja. Huu ndio moyo wa kazi. Kwenye jedwali la Wateja gusa "Add virtual column", yaani kolamu pepe, isiyoandikwa kwenye Google Sheets bali hukokotolewa na AppSheet. Iite MwishoShughuli. Fomula yake:

MAX([MauzoYake][Wakati] + [MalipoYake][Wakati] + [SimuZake][Wakati] + LIST([Kuandikishwa]))

Isome kutoka ndani kwenda nje. [MauzoYake][Wakati] ni nyakati zote za mauzo ya mteja huyu. Alama ya kujumlisha hapa haijumlishi namba. Inaunganisha orodha moja na nyingine. LIST([Kuandikishwa]) inaongeza siku aliyoandikishwa, ili mteja mpya ambaye hajafanya lolote asiwe na orodha tupu. MAX inachukua tarehe kubwa kuliko zote. Hakikisha aina ya kolamu hii ni "DateTime", kisha hifadhi.

Wengi huandika SELECT mahali hapa, kwa kuwa ndivyo walivyoona kwingine. Itakupa jibu sahihi, lakini inapekua jedwali zima upya kwa kila mteja. Wateja mia tano wenye mauzo elfu kumi, simu ya bei nafuu itakusubirisha. Viungo vya hatua ya 4 vimeshakutafutia mistari inayohusika, vitumie.

8. Panga mwonekano. Nenda upande wa "Views", fungua mwonekano wa Wateja. Kwenye "Sort by" ongeza MwishoShughuli, uchague "Descending", yaani kubwa kwanza. Ongeza Jina chini yake kwa "Ascending", ili waliofungana wakae kwa alfabeti. Kama kwenye "Group by" kuna kitu, mfano Mtaa, kiondoe. Makundi hupangwa kwanza, na mpangilio wako utafanya kazi ndani ya kila mtaa tu.

9. Tengeneza orodha ya walionyamaza. Nakili mwonekano huo, uuite Walionyamaza, na kwenye "Sort by" ubadili MwishoShughuli iwe "Ascending". Ukipenda kuona siku ngapi zimepita, ongeza kolamu pepe iitwayo SikuZaKimya:

HOUR(TODAY() - DATE([MwishoShughuli])) / 24

Kutoa tarehe kwa tarehe kunatoa muda, HOUR inaugeuza muda huo kuwa saa, ukigawa kwa 24 unapata siku.

10. Jaribu kwa mteja wa chini kabisa. Chagua aliye mwishoni mwa orodha, mwingizie malipo ya shilingi 100, kisha sawazisha ("Sync"). Anapaswa kupanda hadi juu. Futa malipo hayo, sawazisha tena, anapaswa kurudi alikotoka. Rudia kwa Mauzo na kwa Simu. Usijaribu jedwali moja ukasema tayari. Mara nyingi ni lile la tatu ndilo kolamu yake ya Wakati ilibaki kuwa maandishi.

MWONYESHE MTUMIAJI NI SHUGHULI GANI

Mwenye duka akiona tarehe tu, swali lake la kwanza litakuwa: alifanya nini? Ongeza kolamu pepe AinaYaMwisho:

IFS(
IN([MwishoShughuli], [MalipoYake][Wakati]), "Amelipa",
IN([MwishoShughuli], [MauzoYake][Wakati]), "Amechukua mzigo",
IN([MwishoShughuli], [SimuZake][Wakati]), "Amepigiwa simu",
TRUE, "Mteja mpya"
)

Mpangilio wa mistari una maana. Malipo na mauzo yakigongana dakika na sekunde ileile, linalotajwa mwanzo ndilo litakaloonekana. Mimi huweka malipo mbele, maana ndiyo habari anayoitaka mkopeshaji.

Unaweza pia kuipanga orodha ya kuchagulia mteja ndani ya fomu ya malipo, wa karibuni wawe juu badala ya kushuka kwa kidole mpaka herufi Z. Kwenye kolamu ya Mteja ya jedwali la Malipo, sehemu ya "Valid if":

ORDERBY(Wateja[NambaMteja], [MwishoShughuli], TRUE)

TRUE hapo mwishoni ndiyo inayosema kubwa kwanza.

KUHUSU MAREKEBISHO

Huulizwa pia: je, nikisahihisha malipo ya zamani, hiyo si shughuli? Kwa hatua za juu, hapana, na naona ni sawa. Kusahihisha herufi kwenye maelezo ya mwezi uliopita hakumaanishi mteja amekuja dukani. Kama kazi yako inahitaji marekebisho yahesabiwe, mfano unafuatilia mafaili ya kesi au maombi ya mkopo, AppSheet ina aina ya kolamu iitwayo "ChangeTimestamp". Hujiandika yenyewe kila mstari unapobadilishwa, na unaweza kuiambia iangalie kolamu fulani tu, kama vile Hali. Iongeze kwenye jedwali la matukio, uitumie badala ya Wakati kwenye fomula ya hatua ya 7. Chagua kolamu za kuangaliwa, usiziache zote.

DATA IKIWA NYINGI: NJIA YA KOLAMU HALISI

Kolamu pepe hukokotolewa upya kwenye kusawazisha. Matukio yakifika makumi ya maelfu utaanza kuuona uzito. Hapo unaandika tarehe moja kwa moja kwenye Google Sheets.

1. Ongeza kolamu TareheMwisho kwenye ukurasa wa Wateja, rudi AppSheet, gusa "Regenerate schema", aina iwe "DateTime".

2. Kwa jedwali la Wateja tengeneza kitendo cha aina ya "Data: set the values of some columns in this row". Kiite GusaMteja. TareheMwisho ipate thamani ya NOW().

3. Kwa jedwali la Malipo tengeneza kitendo cha aina ya "Data: execute an action on a set of rows". Jedwali lengwa ni Wateja, mistari lengwa ni LIST([Mteja]), kitendo ni GusaMteja.

4. Fungua mwonekano wa fomu ya Malipo, sehemu ya "Behavior", kwenye "Form Saved" chagua kitendo cha hatua ya 3.

5. Rudia hatua ya 3 na ya 4 kwa Mauzo na Simu, kisha "Sort by" iwe TareheMwisho.

Njia hii ni nyepesi, ila ina gharama zake, na uzijue mapema. Ukifuta malipo, tarehe hairudi nyuma. Ukibandika mistari moja kwa moja kwenye Google Sheets, fomu haijahifadhiwa, hivyo hakuna kitakachosogea. Na kwa kuwa tumetumia NOW(), inahesabu saa ya kuingiza, siyo siku ya tukio. Jedwali la Wateja nalo lazima liruhusu "Updates" kwa kila muuzaji. Mwenye ruhusa ya kusoma tu hataweza kumgusa mteja. Kwa duka la mtaani lenye wateja mia tatu, sioni sababu ya kuihama kolamu pepe.

MAMBO YAKIKWAMA

Mteja hasogei baada ya kuingiza malipo. Sawazisha kwanza. Kolamu pepe inaweza kubaki na jibu la zamani mpaka hapo. Bado? Fungua mteja mwenyewe uangalie kama malipo yapo kwenye orodha yake. Kama hayapo, kiungo ndicho kibovu: kolamu ya Mteja ina jina badala ya namba, au kuna nafasi tupu iliyojificha mwishoni mwa namba.

Inaonekana tarehe 30/12/1899. Hiyo ndiyo sifuri ya tarehe kwenye Google Sheets, siku zote huhesabiwa kuanzia hapo. Maana yake MAX haikupata kitu cha kupima. Umesahau LIST([Kuandikishwa]), au Kuandikishwa ni tupu kwa mteja huyo.

Tarehe 9 inakaa juu ya tarehe 28. Kolamu ni ya maandishi, inalinganishwa herufi kwa herufi, na 9 ni kubwa kuliko 2. Badili aina iwe "DateTime" kwenye AppSheet, kisha angalia kwenye Google Sheets: tarehe halisi kwa kawaida hukaa kulia kwa seli, maandishi hukaa kushoto. Zilizo kushoto ziandike upya.

Fomula inakataliwa, inasema orodha hazifanani. Wakati kwenye jedwali mojawapo ni "Date" na kwenye mengine ni "DateTime". Zote ziwe aina moja.

Orodha kuu imepangika, lakini ukimfungua mteja, malipo yake yamechanganyikana. Orodha ya ndani ni mwonekano mwingine, nao una "Sort by" yake. Itafute kwenye mionekano ya mfumo chini ya "Views", jina lake huishia na Inline, uipange kwa Wakati.

Mtu mmoja kila mara yuko mbele ya wenzake kwa saa moja. Angalia saa ya simu yake, kisha uulize yuko wapi. NOW() hufuata saa ya kifaa. Aliye Muscat yuko saa moja mbele ya Dar es Salaam, na aliye Lubumbashi yuko saa moja nyuma. Duka linalopeleka mzigo kote huko, na kila mtu akiandika kwa saa yake, litapanga vibaya matukio ya siku moja. Ongeza kolamu ya pili kwenye majedwali ya matukio, WakatiUTC, yenye "Initial value" ya UTCNOW(), uondoe alama ya "Editable", na uitumie badala ya Wakati kwenye fomula ya hatua ya 7. Kwa kuwa LIST([Kuandikishwa]) imo kwenye fomula ileile, "Initial value" ya Kuandikishwa nayo ibadilishe iwe UTCNOW(). Ukitaka kuionyesha kwa saa za Afrika Mashariki, kolamu pepe moja inatosha:

[WakatiUTC] + "003:00:00"

Kumbuka tu kwamba kolamu iliyofungwa hivi inarekodi saa ya kuingiza. Malipo ya Jumamosi yaliyoandikwa Jumatatu yatahesabiwa ya Jumatatu.